Siku tano Kutch: tulivyolala kwenye msonge wa Banni

Siku ya kwanza, Alhamisi: Bhuj

Treni ya usiku kutoka Ahmedabad ilitushusha Bhuj, makao makuu ya wilaya ya Kutch, alfajiri, na baridi ikatupokea kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa nimefungasha nguo za jangwani: madera mawili, kanga na kofia ya jua. Sikujua kwamba Desemba huku usiku hugonganisha meno. Mwenzangu, binti wa Mombasa ninayesoma naye chuo kimoja hapa Gujarat, India, alikuwa amejitanda leso zake zote mbili na bado anatetemeka. "Shoga, wanipeleka wapi?"

Nilikuwa nampeleka kuangalia nyumba. Nasomea ujenzi, na kuna jambo moja ninalotembea nalo kichwani tangu kabla sijaanza chuo. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, ardhi ilitetemeka kwetu Kagera. Ukubwa wake ulikuwa 5.9. Watu walikufa, nyumba maelfu zikaanguka au zikapasuka. Nyumba ya baba mdogo, ya matofali ya kuchoma, iliyomaliza pesa za kahawa za miaka kumi, ilipata ufa kutoka kona ya dirisha hadi juu ya ukuta, mpana kiasi cha kupitisha vidole vitatu. Tulilala nje chini ya migomba wiki nzima. Bibi alikaa kimya siku mbili, ya tatu akasema: "Msonge wa babu yenu usingefanya hivi." Wakubwa wakamwambia aache. Nani mwenye akili anataka kurudi kwenye nyumba ya nyasi?

Basi mwaka jana darasani tukaonyeshwa picha za Kutch baada ya tetemeko la 26 Januari 2001. Lile lilikuwa la ukubwa wa 7.7, likaua watu wapatao 20,000. Picha ya kwanza, ghorofa la zege limelala kifudifudi. Picha ya pili, kijiji cha Banni, nyika ya kaskazini mwa Kutch: nyumba za duara za udongo, zimeezekwa nyasi, zimesimama, na mbele yake mwanamke anachekecha nafaka. Nilikaa nikaitazama mpaka mwalimu akapita picha nyingine. Nikamkumbuka Bibi.

Mchana tulipanda kilima cha Bhujiyo hadi Smritivan, maana yake msitu wa kumbukumbu. Mahali hapa palifunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya waliokufa. Ni miti mingi mno iliyopandwa mlimani, vibwawa vidogo vya kukinga maji ya mvua, na kando ya vibwawa hivyo vibao vyenye majina, zaidi ya 12,000. Tetemeko lilipiga saa 2:46 asubuhi, Siku ya Jamhuri, watu wakiwa kwenye sherehe. Katika mji jirani wa Anjar, watoto wa shule waliokuwa kwenye gwaride waliangukiwa na majengo uchochoroni pamoja na walimu wao. Mwenzangu alianza kuyasoma majina kwa sauti ndogo, kama anayeita watu chakulani, na baada ya kibao cha tatu akanyamaza. Tulishuka hatusemi kitu.

Siku ya pili, Ijumaa: kutoka Bhuj hadi Hodka

Barabara ya kaskazini imenyooka kama uzi. Tuliikodi jipu pamoja na dereva mzee asiyependa mazungumzo, isipokuwa mara moja aliposimama kutuonyesha kibao cha mahali Tropiki ya Kansa, ule mstari wa ramani kaskazini ya ikweta, unapokatiza njia. Baada ya hapo nchi ikawa bapa. Hakuna kilima, hakuna jiwe. Kulia na kushoto, vichaka vya kijani chenye vumbi, miiba mirefu, matawi yameshikana hata mbuzi hapenyi.

"Subhanallah," mwenzangu akasema, "hii ni mathenge!"

Ni mathenge kweli, ule ule unaowatesa wafugaji wa Baringo na Tana River. Huku wanauita gando baval, yaani mgunga kichaa. Idara ya misitu iliupanda Banni mwaka 1961 ili kuzuia chumvi ya Rann, jangwa la chumvi lililo kaskazini, isisogee, na mti ukafanya kama ulivyofanya Kenya: ukala malisho. Banni ni takriban kilomita za mraba 2,500, na iliwahi kuhesabiwa miongoni mwa mbuga bora za nyasi barani Asia. Leo kuna sehemu unatembea nusu saa hujaona unyasi wa kufungia mzigo. Dereva, aliyekuwa kimya muda wote, aligeuka akauliza kama na sisi tunao. Tulipomwambia tunao, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyesikia ugonjwa wa nyumbani kwake umefika na kwa jirani.

Bhirandiyara tulikata kibali cha kuingia Rann, tukaacha nakala za pasi na viza, kisha tukala mawa. Maziwa ya nyati wa kufugwa hukorogwa juu ya moto kwa saa nyingi mpaka yawe uji mzito wa rangi ya kahawa changa, na sukari ndani. Hupewi kijiko kikubwa, na hukihitaji.

Hodka tulifika saa tisa. Kijiji hiki kina kambi yake ya wageni, Shaam-e-Sarhad, jina lenye maana ya jioni ya mpakani, kwa sababu mpaka wa Pakistani uko kaskazini mwa chumvi. Kambi inaendeshwa na wanakijiji wenyewe, na hufunguliwa miezi ya baridi tu. Tulipanga kulala humo. Lakini kijana wa kamati aliyetupokea, baada ya kusikia kwamba nimekuja kwa sababu ya nyumba na si kwa sababu ya mwezi juu ya chumvi, alitupeleka kwanza kwa mjomba wake, ndani kabisa ya kijiji.

Nilipofika ukingoni mwa baraza nikasimama, nikavua viatu, na mdomo ukasema wenyewe: "Hodi!"

Mzee aliyekuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba akainua uso. "Hodi?" Akaangalia huku na huku, akaangalia hata nyuma yetu. "Hodi iko wapi?" Kijana akacheka mpaka akashika goti. Kwa Kigujarati hodi ni mashua. Mzee alikuwa anatafuta mashua niliyokuja nayo kwenye nyika hii isiyo na maji. Nilipomweleza kwamba kwetu ndiyo namna ya kuomba ruhusa mlangoni, na kwamba mwenyeji hujibu "karibu", alilirudia neno mara tatu akilipima. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha dakika moja: "Karibu."

Tukampa salamu ya Kiislamu, akaitikia kwa urefu wake wote. Watu hawa ni Wahalepotra, wafugaji Waislamu, na upande wa pili wa kijiji wanakaa Wameghwal, Wahindu, mafundi wa ngozi na wa kudarizi. Wanawake walipotoka, mwenzangu akanishangaza. Amekulia Mji wa Kale, ana majirani wa Kikutchi tangu utotoni, akatupa neno: "Ki ayo?" Hamjambo? Mama mwenye nyumba alimshika mashavu kwa mikono miwili. Kuanzia hapo hatukuwa wageni wa kambi tena. Mzee, ambaye tulimwita Chacha kama walivyomwita vijana wote, alituma ujumbe kambini kwamba mabinti wa Afrika wanalala kwake, na malipo ya kamati yatakwenda kwa kamati kama kawaida.

Sasa nyumba. Moja inaitwa bhungo, zikiwa nyingi ni bhunga. Chacha ana tatu, zimekaa juu ya jukwaa moja la udongo lililoinuliwa kama baraza, la kuzuia maji ya masika yao yasiingie: moja ya wageni na wanaume, moja ya familia, moja ya mtoto wake aliyeoa. Jiko liko pembeni. Mlango ni mfupi, unaingia umeinama, na macho yakizoea giza unaona kwamba si giza. Ukuta wote ndani umenakshiwa kwa udongo, mistari iliyovimba kama mishipa ya mkono, na katikati ya mistari vioo vidogo vya duara. Taa moja ya jua ikiwaka, ukuta mzima unawaka. Upande mmoja kuna kasha la udongo, na juu yake mifarishi ya viraka imepangwa mmoja juu ya mwingine mpaka karibu na paa. Hiyo ndiyo benki ya nyumba: mifarishi ya mahari, kila mmoja mwanamke wa ukoo huu aliushona kwa nguo zilizochakaa.

Niliinua uso nikatazama juu, na hapo ndipo nilipokaa chini bila kuambiwa. Nguzo moja fupi katikati ya paa, haifiki sakafuni. Imesimama juu ya boriti nene iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kutoka kwenye kichwa cha nguzo ile makombamoyo yanashuka pande zote kama mbavu za mwavuli. Fito zimezungushwa, zimefungwa kwa kamba za nyasi. Hakuna msumari niliouona. Msonge wa babu ulikuwa na nguzo nyingi zilizofika chini, na nyasi zake zilishuka mpaka ardhini, haukuwa na ukuta wa udongo hata kidogo. Ni nyumba nyingine kabisa. Lakini ule mviringo wa fito, na ile harufu ya nyasi kavu iliyopigwa na moshi, vilinirudisha Bukoba nikiwa na miaka mitano, nimelala kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, Bibi anachambua maharage.

Chakula kilikuja kwenye sinia: mikate ya uwele, minene, imepigwa kwa viganja na kuokwa juu ya kikaango cha udongo, biringani la kuchoma lililopondwa na vitunguu, siagi mbichi, donge la sukari guru, na mtindi mwepesi wenye chumvi. Huku sukari guru yenyewe wanaiita gol, na Wahindi wa mbali zaidi gur, na nadhani ndiyo guru yetu. Mama alinionyesha kwamba mkate wa uwele haukatwi kwa vidole viwili. Unatobolewa katikati kwa kidole gumba, siagi inatumbukizwa humo, kisha unavunja kuanzia pembeni. Nilikula miwili. Mwenzangu alikula mitatu akaomba pilipili.

Usiku, tukiwa chini ya mifarishi mitatu kila mmoja, nilisikia kengele nyingi zikiondoka. Nyati wa Banni huenda malishoni usiku, peke yao, na kurudi asubuhi kukamuliwa. Mchana jua ni kali, basi wamezoezwa hivyo vizazi na vizazi. Kengele zilikwenda zikififia kwa muda mrefu sana, maana hakuna kitu cha kuzuia sauti.

Siku ya tatu, Jumamosi: Hodka

Niliamshwa na watoto mlangoni: "Hodi! Hodi!" Wamelipenda neno.

Nyati walikuwa wamerudi, weusi, pembe zimejikunja kama skrubu, wanatoa mvuke puani. Mkwe wa Chacha alikamua ndoo mbili nikihesabu hata dakika kumi hazikufika. Gari la ushirika lilikuja kuchukua maziwa, kijana akapokea risiti, akaiweka kwenye kava ya simu. Chai ikamiminwa kwenye visahani ili ipoe, tukainywa kwa kufyonza kama walivyofanya wote.

Kisha nikatoa futi kamba na daftari. Nilimwomba Chacha ruhusa kwa heshima, nikijua naomba kupima nyumba ya mtu. Akanyanyuka akanishikia ncha ya futi.

Kipenyo cha ndani, mita tano kasoro kidogo. Unene wa ukuta, sentimita 42. Karibu dhiraa nzima, kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Mlango mmoja, madirisha mawili madogo yaliyo chini kiasi kwamba ukikaa sakafuni upepo unakupiga usoni. Hayo ndiyo matundu yote. Nilipoandika namba hizi nilielewa kitu ambacho picha haikunionyesha. Nyumba ya pembe nne ikisukumwa ubavuni, ukuta mmoja unakwenda huku na mwenziwe unabaki, na pale wanapoachana, kwenye kona, ndipo ufa unapozaliwa. Dirisha kubwa nalo ni kona nne nyingine. Ule ufa wa baba mdogo ulianzia hapo hapo. Bhungo haina kona. Ukiisukuma popote, ukuta mzima unabeba, kama kikapu unapokibana kwa viganja. Na juu yake kuna nyasi, siyo zege; ikianguka hata ikikuangukia, utatoka na vumbi kichwani.

Nilimuuliza Chacha kuhusu asubuhi ile ya 2001. Alisema alikuwa kwenye baraza hii hii. Boriti ililia, vumbi likashuka kutoka kwenye paa, vioo viwili vikabanduka. Watoto walitolewa nje. Ikatulia, wakarudi ndani. Lakini hakuisifia nyumba kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alinionyesha kwa mkono upande wa jirani: kule bhungo moja iliporomoka, kwa sababu mwenyewe alikuwa amehamia Bhuj na ukuta haukusiribwa miaka mingi, mchwa wamekula boriti. "Udongo unataka mkono," akasema. Mwaka 1819 pia nchi hii ilipigwa na tetemeko kubwa lililoinua tuta la takriban kilomita 80 kwenye Rann, watu wakaliita Allah Bund, tuta la Mungu, kwa kuwa hakuna mwanadamu aliyelijenga. Watu wa hapa wameishi na ardhi inayotembea kwa muda mrefu.

Mkono wenyewe ni wa wanawake. Mama alikuwa ana ukuta wa jiko wa kusiriba, akatuita. Udongo unatoka kwenye vidimbwi vilivyokauka, laini kama unga. Kinyesi cha wanyama kinachekechwa kwenye chujio mpaka kibaki nyuzi nyembamba tu, halafu vinachanganywa kwa maji. Nyuzi zile ndizo zinazoshika udongo usipasuke unapokauka. Alinipa donge. Unalisokota kati ya viganja kuwa kamba nyembamba, unalibandika ukutani palipoloweshwa, unalibana kwa kidole cha shahada upande wa juu na gumba upande wa chini, unakwenda. Mstari wangu ulikuwa mnene hapa, mwembamba pale. Mama aliutazama, akachovya kidole kwenye maji, akaupitia mara moja tu, ukanyooka. Kisha akaniwekea kioo kimoja mkononi, kidogo kama shilingi mia, nikibandike ninapotaka. Kipo pale, kushoto kwa mlango wa jiko.

Jioni Chacha alitupeleka kuona virda. Ni visima vifupi vinavyochimbwa kwenye bonde dogo ambamo maji ya mvua hukusanyika. Chini ya Banni yote kuna maji ya chumvi, lakini maji ya mvua ni mepesi, yanapozama ardhini hukaa juu ya yale ya chumvi bila kuchanganyika. Mfugaji anachimba mita chache, anazungushia magogo na nyasi ili kingo zisibomoke, na anaacha pale pale. Ukizidisha pima moja umeua kisima. Kwa sasa bomba limefika kijijini, ila si kila siku linatoa, na virda havijafukiwa.

Mwenzangu alichota kwa kiganja, akaonja, akakaa kimya. Babu yake mzaa mama ni wa Lamu. Maji ya Lamu nayo yanakaa kwenye vilima vya mchanga vya Shela, juu ya maji ya bahari, na wazee wanagombana na kila anayetaka kujenga juu ya mchanga ule. "Maji ni haya haya," akasema. Akataka kumweleza Chacha, Kihindi kikamwishia, akachora mchangani kwa kidole: bahari chini, maji matamu juu, nyumba juu yake. Chacha alichuchumaa akaitazama michoro ile. Akaifuta nyumba kwa kiganja chake, akacheka, akaelewa.

Siku ya nne, Jumapili: Dhordo na chumvi

Wote wanaokuja Kutch wanakuja kwa ajili ya hii, basi na sisi tukaenda. Dhordo, kijiji cha mwisho kabla ya Rann, kilichaguliwa mwaka 2023 na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa kuwa miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani, na msimu huu kuna mji mzima wa mahema pale, muziki, ngamia waliovishwa shanga.

Chumvi yenyewe ni nzuri, sitapunguza. Kipindi cha mvua yote hii ni maji. Yanapokauka inabaki nyeupe mpaka macho yanapokoma. Ukikanyaga inavunjika kama ukoko wa wali. Jua lilizama likabadilisha weupe kuwa waridi, kisha samawati. Tulipiga picha kama watu wote.

Lakini niliharakisha kurudi. Kwenye mahema ya kifahari niliona bhunga zilizojengwa kwa matofali na saruji, duara la nje tu, madirisha makubwa ya kioo, kiyoyozi kimetobolewa ukutani. Umbo limebaki, kilichokuwa ndani ya umbo kimeachwa. Iliniuma, nakiri, kwa sababu nimeona mahoteli kwetu yakifanya vivyo hivyo na msonge: paa la nyasi juu ya baa. Nilipomwambia Chacha usiku, hakukasirika kama mimi. Mtoto wake anafanya kazi kwenye mahema hayo miezi minne kila mwaka, na pesa zile ndizo zinazonunua pumba za nyati wakati wa kiangazi. Baada ya tetemeko wengi walipewa nyumba za zege, akasema, na wengi wanazitumia kama ghala. Wakati wa joto la Mei wanalala kwenye udongo. Mjini Bhuj kuna taasisi ya Hunnarshala, iliyozaliwa baada ya tetemeko, ambayo mafundi wake wamejenga nyumba za udongo pamoja na wanavijiji, wakimchukua fundi wa kijiji kuwa mwalimu. Kijana wa kamati aliniandikia anwani yake kwenye daftari.

Usiku ule Mama alitufundisha mshono mmoja wa kudarizi kwa vioo. Nilijichoma mara nne. Mwenzangu, ambaye nyanya yake alikuwa akishona kofia za vito, alishika sindano kama amezaliwa nayo, na wanawake wakawa wanapitishiana kitambaa chake kutoka mkono hadi mkono.

Siku ya tano, Jumatatu: Nirona, Bhuj

Kuaga kulichukua muda kuliko kuwasili. Mama alifungua kasha, akatoa mfarishi mdogo wa mtoto, akamvisha mwenzangu mabegani. Mimi akanipa fungu la udongo mkavu ndani ya karatasi ya gazeti. Chacha hakusema mengi. Tulipokuwa tunavaa viatu aliuliza kama nyumba ya bibi yangu ipo bado. Nikamwambia ilibomolewa. Akauliza kama aliyeijenga yupo. Nikamwambia hapana, ila bibi yupo, na yeye ndiye aliyekuwa akifunga fito. Akasema, kupitia kijana: "Basi ipo."

Nirona tulipitia njiani. Kuna ukoo wa Khatri unaochora rogan: mafuta ya nyonyo huchemshwa kwa siku mbili mpaka yanavutika kama ubani, yanatiwa rangi, na mchoraji anayavuta kwa kijiti cha chuma juu ya kiganja mpaka yawe uzi mwembamba, anaulaza uzi ule juu ya kitambaa bila kijiti kugusa nguo. Nilishika pumzi nikimtazama. Halafu mafundi wa kengele. Vipande vya bati la chuma hukunjwa na kupachikwa kwa nyundo, bila kuchomelewa, vikapakwa unga wa shaba, vikafunikwa kwa udongo na kutiwa tanuruni. Fundi akimaliza huipiga pembeni, husikiliza, akaipiga tena mpaka itoe sauti anayoitaka. Kila mfugaji anajua kengele za wanyama wake gizani. Nilimuuliza kama zile za Hodka ni zake. Akaniuliza za nani. Nikamwelezea nyumba ya Chacha ilipo. Akachukua kengele moja rafuni, akaigonga mara moja. Sijui kama ndiyo yenyewe, lakini nywele zilinisimama.

Nakaa sasa kituo cha Bhuj, treni bado saa mbili. Nimempigia Bibi simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshiba huko?"

Nikamwambia kuhusu nguzo isiyofika chini, kuhusu ukuta wa dhiraa, kuhusu vioo. Akasikiliza. Nikamuuliza: msonge wa babu ulikuwa na nguzo ngapi?

Akaanza kuhesabu, sauti yake ikawa ya mtu anayetembea ndani ya nyumba. Za mlangoni mbili. Za kitandani. Ile ya ng'ombe. Akafika mahali akasimama, akarudi mwanzo, akahesabu upya kwa Kihaya. Nilifungua daftari, ukurasa unaofuata vipimo vya Hodka.

"Siwezi kukutajia kwa simu," akasema mwishoni. "Njoo Julai, nyasi zikiwa kavu. Uje na hiyo kamba yako ya kupimia."